Pole ya Bukene

Abbasi wa Saidi alikuwa fundi bati pale Kanyenye, Tabora mjini, na hasira zake zilijulikana kuliko kazi zake. Debe la mafuta ya taa likiisha mafuta, watu walimpelekea. Analikata, analikunja, anapiga lehemu, linatoka kibatari, karai au mfuniko wa birika, kazi safi kabisa. Ila thubutu kumwambia, "Fundi, mbona kama panavuja hapa?" Utajuta kuzaliwa. Shule aliiacha darasa la pili, siku aliyomrushia mwalimu kibao cha kuandikia, na tangu hapo mambo yake alijifunza sokoni na stesheni, kwa wapakiaji na wachuuzi, ambako mpole hula mwisho.

Nyumbani alikuwa na mama yake, Bi Swaumu. Na alikuwa na dada yake, Mwanamkuu. Baba yao alikwisha kufa kwa homa.

Huyu Mwanamkuu alikuwa mkubwa kwa Abbasi, mwanamke mzima, mrefu, sura nzuri ya kumtazama mara mbili. Lakini mzee apite, shikamoo yake haipati. Msemeshe, anatazama bega lako, au ukuta ulio nyuma yako. Na Tabora mtu asiyeamkia wakubwa hatukanwi yeye, anatukanwa mama aliyemzaa.

Maneno yake mwenyewe hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni maneno ya watu. Utasema jambo leo, yeye ataliweka, na siku akivurugikiwa atalitoa kwa sauti yako, na kikohozi chako humo humo. Muuza maziwa aliwahi kuacha kibuyu mlangoni akakimbia, baada ya kusikia sauti yake mwenyewe ikimjibu kutoka ndani.

Kutwa Mwanamkuu alikaa kwenye kona ya ukumbi, mahali pale pale, na ungo wake ule ule, mkuukuu, ukingo umeshonwa kwa ukambaa, akichambua mchele. Akimaliza yeye hutauma jiwe. Vijiwe alivyovitoa alivipanga ukingoni, kikubwa, kidogo, kidogo zaidi, na ukimsogezea kimoja tu utakiona cha mtema kuni. Majirani waliomteta uchochoroni, jioni hao hao walileta mchele wao achambue.

Kilichomshinda ni kelele za bati. Abbasi akianza kugonga uani, Mwanamkuu anaziba masikio, anajitikisa mbele na nyuma, analia. Abbasi aliona anafanyiwa makusudi. Yeye anatafuta riziki, huyu anampigia makelele! Basi anagonga kwa nguvu zaidi. Eti amzoeze.

Walikwisha hangaika naye. Hospitali walimtazama masikio wakasema mzima. Mganga akasema ana pepo, wakampigia ngoma, na ngoma zile ndizo zilizomfanya ajiume mkono mpaka damu. Mganga akafurahi, pepo huyo anatoka! Bi Swaumu akamnyakua mwanawe, akarudi naye nyumbani, hakumpeleka tena kokote. Wanawake wakasema alivunja mwiko wa mimba. Tangu hapo harusini Bi Swaumu haonekani, na msibani hukaa nyuma kabisa, karibu na majivu. Wakati ule wa Mwingereza hakuna mtu Tabora nzima aliyekuwa na jina la hali ya Mwanamkuu. Kila mmoja alikuwa na lake, na yote yalikuwa matusi.

Abbasi alikwisha kataliwa mchumba mmoja palepale mjini. Wazee wa yule binti hawakuficha: "Nyumba ile ina mtu yule. Wajukuu wetu watatoka vilevile." Aliporudi siku ile alilipiga teke karai alilolitengeneza mwenyewe likabonyea. Akaapa: mchumba wa pili atamtafuta mbali.

Bukene ndiyo ilikuwa mbali yenyewe. Alipanda treni ya Mwanza na vibatari vyake kwenda kuuza gulioni, na huko akamwona Zamda binti Yahaya. Zamda alikishika kibatari, akakigeuza, akamwambia bila woga, "Fundi, hapa pataniunguza kidole." Ajabu ya Mungu, Abbasi hakukasirika. Akakichukua, akakirekebisha pale pale. Akarudi gulio lililofuata, na la baada yake, mpaka watu wakaanza kuuliza huyu kijana anauza vibatari au anauza macho.

Hatimaye alikaa barazani kwa Mzee Yahaya, kofia mkononi. Mzee akafurahi aliposikia kwao ni Wazaramo. "Kumbe watani!" akasema. Babu wa Abbasi alikuja bara na misafara ya pwani, akaoa, hakurudi. Akina Yahaya ni Wanyamwezi. Na Mzaramo na Mnyamwezi walitaniana tangu njia ile ya misafara, hata wajukuu ambao hawajawahi kuuona mnazi wanatukanana mpaka leo na hakuna anayenuna. Mtani hakasirikiwi. Hiyo ni sheria.

"Na kwenu mko wangapi?" Yahaya akauliza.

Swali dogo, la kila siku. Abbasi akaona kona ya ukumbi, ungo, kichwa kinachotikisika. Akaona na karai lililobonyea. Mdomo ukamtangulia.

"Mimi na mama tu. Nilikuwa na dada, Mungu kamchukua."

"Ah! Pole sana, kijana."

"Nishapoa, mzee."

Angeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini Bukene si watu wa pole moja. Yahaya akaita ndani, wanawake wakatoka mmoja mmoja wakifuta mikono kwenye kanga: pole baba, pole mwanangu, pole ya dada. Jirani akavuka njia naye akatoa yake. Mwisho sauti ya Zamda ikatoka nyuma ya pazia, taratibu: "Pole ya msiba." Na Abbasi huyo, ambaye hakuwahi kupokea hata ushauri, akazipokea zote. Nishapoa. Nishapoa. Nishapoa.

*

Posa ikapokelewa, ila kwa sharti: shangazi wa Zamda, Bi Mwanajuma, aje Tabora aione nyumba atakayokaa mwana wao, jiko lake, maji yake na mama mkwe wake.

"Mpeleke Ziba kwa mjomba," Abbasi alimwambia mama yake. "Siku ile tu."

"Mwanamkuu? Kwenye nyumba asiyoijua, sauti asizozijua? Hatakula, hatalala. Atajiumiza."

"Basi akae chumba cha nyuma, asitoke!"

"Kwani wageni hawajaambiwa kama yupo?"

Hapo Abbasi akalipuka, maana mwongo akiulizwa swali la kweli hana pa kukimbilia ila kwenye hasira. Akapiga ukuta ngumi. "Mimi sitaoa? Mpaka lini nyumba hii inamzunguka yeye? Dada gani huyu? Huyu si mtu, ni balaa! Bora angekwenda yeye, baba akabaki!"

Bi Swaumu akamtazama kama mtu aliyemwagiwa maji machafu na mtoto wake mwenyewe. Kisha akatazama konani. Mwanamkuu alikuwa anachambua mchele, kichwa chini, vidole haviyumbi.

"Hasikii huyo," Abbasi akasema, sauti imeshuka. "Haelewi."

"Unajuaje?" mama akauliza.

Mwisho mama akakubali, kwa ajili ya kijana wake. Mwanamkuu akae chumba cha nyuma na ungo wake, mpaka wageni waondoke. Akamwambia binti yake mapema, na kesho yake tena, kwa maneno yale yale: "Wageni watakuja. Utakaa chumba cha nyuma na ungo wako. Wataondoka. Utarudi." Abbasi aliona upuuzi mtupu, kuzungumza na ukuta.

Bi Mwanajuma aliteremka kwenye treni na nduguze wawili wa kike, mnene, mcheshi, ulimi kama wembe. Mlangoni tu akaanza: "Hodi kwa Wazaramo! Mpo, au mmekwenda ngomani? Maana jembe kwenu ni kama nyoka, mkiliona mnaruka!"

"Karibuni wapagazi," Abbasi akamjibu, moyo umeanza kutulia. "Tueni mizigo, au shingo zimeshazoea?"

Wakacheka, wakaingia. Bi Swaumu akatandika mkeka, akawaamkia. Ndipo Bi Mwanajuma akauweka utani pembeni, akamshika mama wa watu mikono yote miwili, macho yamejaa huruma ya kweli.

"Mama Abbasi, pole. Pole ya binti yako. Hatukuwa na habari, tungekuja kuzika."

Bi Swaumu akamgeukia mwanawe. Abbasi alitazama mkeka. Mama akaivuta kanga yake taratibu akaziba mdomo, na wageni wakadhani ni majonzi, wakaanza nao kufuta machozi. Na binti mwenyewe yuko nyuma ya ukuta ule, anapumua.

Lakini haikwisha. Mtani asipowahi maziko, ana haki yake: akija lazima apewe kitu cha marehemu, aondoke nacho. Bi Mwanajuma akajifuta uso, akacheka kidogo ili kumchangamsha mfiwa. "Haya Mzaramo, usinifiche mali. Leta kitu cha dada yako, hata kanga iliyochakaa. Sitoki hapa mikono mitupu."

Abbasi akaingia chumba cha nyuma. Nguo ya Mwanamkuu ilikuwa mwilini mwake. Kitu kingine alichokuwa nacho duniani kilikuwa magotini pake. Abbasi akaushika ungo, akauinamisha, mchele ukamwagika sakafuni pamoja na vile vijiwe vyote vilivyopangwa. Mwanamkuu hakulia. Mikono yake ilibaki palepale hewani, vidole vikiendelea kuchambua kitu ambacho hakipo.

Abbasi aliiona ile mikono. Akatoka hivyo hivyo, na ungo.

"Huu ndio aliokuwa akiupenda," akasema, na hilo angalau halikuwa uongo.

Bi Mwanajuma akaupokea kwa mikono miwili, akauweka mapajani. Bi Swaumu akainuka kwenda jikoni, akaegemea ukuta huko akatulia, maana akisema neno anaivunja ndoa ya mwanawe, na asiposema anamzika bintiye. Mtu hana matumbo mawili ya kubebea hayo.

Wali ulikuwa umeshapakuliwa sauti ilipoanza. Kwanza kama mluzi, kisha ikapanda. Mlango wa nyuma ukafunguka, Mwanamkuu akatoka, mikono masikioni, akapita katikati ya wageni bila salamu, moja kwa moja mpaka kwa Bi Mwanajuma. Akaushika ungo, akauvuta, akakaa nao chini, mgongo ukutani. Kisha akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Abbasi, ile ile, kali, na mshindo wa ngumi ukutani akaupiga kwa kiganja chake: "Dada gani huyu? Huyu si mtu, ni balaa! Bora angekwenda yeye, baba akabaki!"

Bi Mwanajuma akaangua kicheko. Watani huwa wanampandikiza mtu mbele ya mgeni amtukane na kumtakia kifo, ndiyo ladha yenyewe, na yeye akadhani kapandikiziwa. "Looo! Wazaramo mmenipata! Nani huyu mnayemtuma anitukane?"

Abbasi akauona mlango wazi, akapita.

"Mpangaji wetu, shangazi. Hana akili nzuri, anaokota maneno ya watu." Akainama, akaung'oa ungo kwenye vidole vya dada yake, kidole kimoja kimoja, akamrudishia mgeni. Mwanamkuu akajiuma mkono. Bi Swaumu akatoka jikoni mbio, hakumgusa, akakaa pembeni yake akaanza kuguna sauti moja ya chini chini, mmm, mmm, mpaka yule binti akainuka, akamfuata kurudi ndani. Bi Swaumu hakumtazama kijana wake hata kidogo.

Wageni walikula, wakasifu jiko, wakasifu maji. Bi Mwanajuma akasema nyumba imempendeza, na mwenye huruma ya kumweka mpangaji wa namna ile ana moyo mzuri. Ile sifa ilimwingia Abbasi kama mchele wenye jiwe.

*

Basi Abbasi amesifiwa, posa imetimia, Zamda ni wake. Akawasindikiza wageni stesheni, na ungo yeye ndiye aliyeubeba, kwa adabu. Akatembea nao jua la alasiri, na kila hatua akiuona. Ule ukambaa wa ukingoni mama yake ndiye aliyeushona, baada ya yeye Abbasi kuukanyaga kwa hasira akiwa mdogo. Katikati ya nyuzi kijiwe kimoja kilikuwa kimenasa, kile kidogo kabisa, cha mwisho wa mstari.

Akatafuta mtu wa kumkasirikia. Mama? Mwanamkuu? Wale waliomkatalia mchumba? Amezoea kumpata mtu siku zote. Siku ile hakumpata, na hasira isiyo na pa kwenda ikamgeukia ikamkaa usoni, ikaunguza.

Treni ilikuwa imeshaingia. Bi Mwanajuma akanyoosha mkono apokee ungo wake.

"Shangazi," Abbasi akasema, "naomba unirudishie huu."

"Ebo! Kitu cha marehemu hakirudi, mtani. Unataka na yeye akurudie?"

"Hakuna marehemu."

Bi Mwanajuma aliendelea kutabasamu kidogo, akingoja utani uliobaki. Alipomtazama usoni, tabasamu likamtoka.

"Yule mpangaji," akasema.

"Dada yangu. Toka nitoke. Anaitwa..." Jina likamkwama. Alikuwa hajalitaja mbele ya mgeni tangu amekuwa mtu mzima.

"Kwa hiyo nimempa mama yako pole, na mwanawe yuko nyuma ya ukuta."

"Ndiyo."

"Na mimi nikacheka."

"Ndiyo, shangazi."

Laiti angempiga kibao. Hakumpiga. Alisema kwa sauti ya chini, nduguze wanasikia, wapakiaji wanasikia. "Wewe unajua utani ulikotoka? Babu zetu, mtu akifa njiani, wenzake wana mizigo, wanaendelea na safari. Anayebaki nyuma kumchimbia ni mtani. Ndiyo maana naweza kukutukana ukanyamaza. Kwa sababu mimi ndiye nitakayekuzika. Na wewe umeuchukua utani huo huo, umenifanya nimzike mtu aliye hai."

Abbasi alitaka ardhi ipasuke. Haikupasuka, ni sakafu ya stesheni ile, imara. Akanyoosha mikono aupokee ungo.

"Toa mikono yako," Bi Mwanajuma akamwambia. "Kuuchukua ulijua. Kuurudisha hujui." Akawaambia nduguze wapande, yeye atakuja na treni nyingine. Akageuka kurudi Kanyenye, amekumbatia ungo, Abbasi akimfuata nyuma kama mbuzi aliyekula shamba la watu.

Walimkuta Mwanamkuu konani kwake. Mchele ulikuwa umeshafagiliwa, lakini vidole vilikuwa vinachambua sakafu tupu. Bi Mwanajuma akataka kumkimbilia.

"Usimjie kwa mbele, dada," Bi Swaumu akamwambia. "Usimshike. Mwambie unachofanya, weka chini, halafu rudi nyuma. Uso wa mtu humchosha. Sauti kubwa humchoma, kama wewe uchomwe na msumari. Si jeuri. Nilikaa miaka nikidhani jeuri."

Abbasi alisimama mlangoni akisikia. Kaishi nyumba moja na mambo hayo maisha yake yote, na hakuwahi kuuliza. Nyundo yake uani, kila asubuhi, eti amzoeze.

"Nauweka ungo wako hapa," Bi Mwanajuma akasema taratibu. Akauweka, akarudi nyuma. Mwanamkuu hakumtazama. Akauvuta, akauzungusha mpaka upande ulioshonwa ukawa kwake, akakigusa kile kijiwe kilichonasa. Mabega yakashuka. Ndipo akasema tena, kwa sauti ile ile ya kijana mkali: "Bora angekwenda yeye, baba akabaki."

"Maneno ya nani hayo?" Bi Mwanajuma akauliza.

"Majirani," Bi Swaumu akawahi. "Unajua watu wa hapa..."

"Yangu," Abbasi akasema.

Mama yake akainamisha kichwa. Hata baada ya yote alikuwa bado anamfichia, na hilo ndilo lililomkalisha Abbasi chini kizingitini.

Bi Mwanajuma hakumwonea huruma. "Kaka yangu nitamweleza kila kitu. Ya Zamda sijui, si yangu. Lakini pole ulizopewa Bukene si zako. Uzirudishe. Nyumba kwa nyumba, kwa mdomo wako."

*

Abbasi akaenda Bukene. Na siku ya gulio, maana treni haikumchagulia siku nyingine.

"Nimekuja kurudisha pole," alisema nyumba ya kwanza. Mama mmoja akaweka mchi chini. "Inarudishwaje pole?"

"Sijui, mama. Dada yangu hakufa. Nilidanganya."

"Ulidanganya kifo? Kwa nini?"

"Nilimwonea aibu."

Hapo ndipo pagumu. Uongo wenyewe watu waliupokea. Sababu ndiyo iliyowafanya wamtazame toka kichwani mpaka miguuni. Mama mmoja alimfungia mlango. Mwingine, mzee sana, akasema naye ana mjukuu wa namna hiyo, yuko ndani. Habari ikamtangulia gulioni, na watani wakamngoja.

"Huyooo! Mfufua wafu kaja!"

"Mtani, babu yangu kafa mwaka jana, nenda kamwamshe!"

"Mama yake mtamzika lini? Akitaka kuoa mke wa pili?"

Ngumi zilimjia zenyewe. Akazirudisha kwenye kanzu. Mtani hakasirikiwi, na safari hii walikuwa wanasema kweli.

Barazani kwa Yahaya alisimama, hakuambiwa kaa. Akasema yote, na maneno aliyomwambia dada yake akayasema vilevile, hakuyapunguza makali. Mzee akakuna goti. Nyuma ya pazia ikatoka sauti.

"Baba, muulize huyo dada anaitwa nani."

"Mwanamkuu," Abbasi akasema. Limetoka.

"Mwambie nitakwenda na shangazi nikamsalimie Mwanamkuu. Nikishamwona yeye ndiyo nitajua kama nimekuona wewe."

Abbasi alirudi Tabora, akaihamisha kazi. Chuma chake cha kugongea akakibeba begani mpaka nje ya makazi, karibu na reli, ambako wateja walimlalamikia umbali, naye akawatukana kidogo, maana hasira haziishi kwa siku moja. Nyumbani akamwuliza mama yake: yale maneno atayatoaje kichwani mwa dada?

"Huyatoi," Bi Swaumu alisema. "Yameshaingia, hayafutiki. Mpe mengine."

Basi kila asubuhi alikuja upande ule ule, akasimama mbali kidogo, akasema maneno yale yale: "Dada, nimeamka. Nakwenda kugonga mbali." Mwanamkuu anachambua tu. Abbasi alijiona mjinga, na muuza maziwa alimcheka. Aliendelea.

Zamda alikuja karanga zilipokuwa zinang'olewa. Hakupiga hodi kubwa. Bi Mwanajuma alikwisha mfundisha njiani. Akasema jina lake, akasema anakaa, akakaa mbali kidogo na ile kona, hakutafuta macho ya mtu. Mwanamkuu alichambua. Abbasi alisimama mlangoni, hajui aweke wapi mikono.

Kisha sauti ya kijana ikatoka konani, tulivu: "Dada, nimeamka. Nakwenda kugonga mbali."

Bi Swaumu akashika kifua. Abbasi akafungua mdomo acheke, au alie, hata yeye hakujua. Hajamaliza, sauti ile ile, ya mtu yule yule, ikaendelea bila kupumua: "Dada gani huyu? Huyu si mtu, ni balaa."

Zamda akainua macho akamtazama.

"Yote mawili yangu," Abbasi akasema.

Zamda akamtazama kitambo, mtazamo ule wa kibatari, wa kutafuta mahali patakapounguza kidole. Kisha akamgeukia Bi Swaumu.

"Mama, kuna ungo mwingine?"

Ukaletwa. Akauweka mapajani, akaanza kuchambua, naye akavipanga vijiwe ukingoni, kikubwa, kidogo. Abbasi alibaki kizingitini, macho chini, hathubutu kuingia ndani ya nyumba yake mwenyewe mpaka mama yake alipomwambia, "Ingia, mwanangu. Ila sema kwanza kama unaingia."

"Dada," akasema, "naingia."